Sura ya Nne: Damu Ipitayo Mapafuni

Katika mwaka wa 1924 Mmisri mmoja, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Freiburg huko Ujerumani, aliwasilisha tasnifu ya udaktari ambayo haikuhusu maradhi yoyote wala dawa yoyote, bali kitabu cha Kiarabu cha hati ya mkono kilichokuwa kikihifadhiwa katika maktaba kuu ya Prussia mjini Berlin. Alidai kwamba tabibu wa karne ya 13, Ibn al-Nafis, alikwisha kueleza njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, karne tatu kabla ya Wazungu walionasibishwa na ugunduzi huo. Waalimu wake walistaajabu, na zaidi ya kustaajabu walitahayari, kwa sababu hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kusoma Kiarabu akajua kama mwanafunzi wao anasema kweli. Ndipo walipompelekea kazi ile Max Meyerhof, daktari wa macho wa Kijerumani aliyekuwa akitibu wagonjwa Kairo na ambaye, katika saa zake za faragha, alikuwa amezama katika vitabu vya matabibu wa kale wa Kiarabu. Meyerhof alisoma, akatafuta nakala nyingine, akathibitisha. Kisha akaitangaza habari ile kwa wanahistoria wa sayansi.

Yafaa tuulize jinsi gani jambo kubwa namna ile liliweza kukaa kwenye rafu bila ya kusomwa. Kitabu chenyewe ni sharhe, yaani ufafanuzi wa sehemu za tashrihi, elimu ya maumbile ya ndani ya mwili, katika Kanuni, kitabu cha utabibu cha Ibn Sina. Msomaji aliyekaa chuoni akasoma fiqhi anajua desturi ya vitabu vya namna hii: hutangulia maneno ya matini, yakafuatia maneno ya mfafanuzi, na aghalabu mfafanuzi hujidhihirisha kwa adabu kubwa kana kwamba hana lake ila kumsaidia aliyemtangulia. Mtu aonaye katika orodha ya maktaba kwamba kitabu ni sharhe hudhani kuwa yaliyomo ni marudio, akapita. Naam, ndani ya adabu hiyo ndimo wanazuoni wengi walimoziweka hoja zao kali kabisa, na Ibn al-Nafis ni mmoja wao.

Alizaliwa karibu na Dameski, akasoma utabibu katika hospitali ya Nuri ya mji ule, kisha akahamia Misri, ambako alikuwa mkuu wa matabibu na, zaidi ya hayo, mwalimu wa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, madhehebu yale yale ya pwani yetu. Alifariki Kairo mwaka 1288, akaiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Sharhe tunayoizungumza ilikuwa imekwisha kuandikwa kufikia mwaka 1242, angali kijana.

Ili kuipima jasira yake hatuna budi kujua alichokikanusha. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili baada ya Nabii Isa, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, ikaingia chumba cha kulia cha moyo, na sehemu yake ikapenya hadi chumba cha kushoto kwa vitundu visivyoonekana vilivyomo katika ukuta unaovitenga vyumba hivyo. Ibn Sina aliyapokea mafundisho hayo kwa jumla, akaongeza kwamba moyo una vyumba vitatu. Ibn al-Nafis akasema kwamba vyumba ni viwili tu. Kwamba ukuta ule ni mnene na mgumu, hauna tundu linaloonekana kama walivyodhani baadhi ya watu, wala lisiloonekana kama alivyodhani Galen. Na maadamu njia hiyo haipo, na damu inafika kushoto, basi haina budi kupitia kwenye mshipa uendao mapafuni, ikachanganyika huko na hewa, kisha ikarejea kwa mshipa mwingine. Hata unene wa mishipa ile aliutolea sababu: ule wa kwanza una ngozi nzito ili isichujike ndani yake ila damu iliyo nyepesi kabisa, na wa pili una ngozi nyembamba ili uipokee kwa urahisi. Akasema kwamba kati ya mishipa hiyo miwili lazima ziwepo njia. Na njia hizo Marcello Malpighi aliziona kwa hadubini katika mapafu ya chura mwaka 1661.

Hata hivyo tusimpe zaidi ya haki yake. Mzunguko wa damu mwilini mwote hakuujua. Huo aliuthibitisha William Harvey mwaka 1628, kwa kukadiria damu inayotoka moyoni na kuonyesha kwamba chakula tunachokula hakiwezi kuizalisha yote. Wala haijulikani vema Ibn al-Nafis aliyapataje aliyoyasema, kwani mwenyewe aliandika kwamba sharia na huruma ya tabia yake vilimzuia kupasua miili. Wapo wasemao kwamba maneno hayo ni ya tahadhari tu, na kwamba ugumu wa ukuta wa moyo haujulikani bila kuushika kwa mkono. Mimi naielekea rai hii, ingawa naona kwamba moyo wa mbuzi wa kuchinjwa ungemtosha.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa urithi. Mhispania Michael Servetus aliieleza njia ya mapafuni katika kitabu cha dini cha 1553, kitabu kilichomfanya achomwe moto Geneva; Realdo Colombo akaieleza tena katika kitabu kilichotoka mwaka 1559. Je, waliipata kwa Ibn al-Nafis? Andrea Alpago, tabibu wa Kitaliano aliyekaa Dameski miaka mingi akihudumu katika ubalozi wa Venisi, alitafsiri kwa Kilatini sehemu ya maandishi ya Ibn al-Nafis, na tafsiri hiyo ilichapwa Venisi mwaka 1547, miaka sita kabla ya kitabu cha Servetus. Tarehe zinavutia, lakini sehemu iliyochapwa ni ile ya dawa za kuchanganya, wala haimo habari ya moyo na mapafu. Tabibu aliyezoea kuona dalili mbili akaamua maradhi atashawishika kukata shauri hapo. Mwanahistoria hataridhika mpaka aonyeshwe karatasi: daftari la Alpago, barua ya mpwa wake aliyezihariri kazi zake, au nakala ya sharhe yenye alama za msomaji wa Kilatini pambizoni.