Dirishani mwa Behewa, Kutoka Mlimba Hadi Makambako

Ndugu wafanyakazi, mwaka 2016 wenzangu wa Lubumbashi walinituma kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi mjini Dar es Salaam. Wakati wa kurudi nilipanda gari moshi la TAZARA, maana nauli ya ndege si ya mtu wa namna yangu. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kutoka Kapiri mtu wa Katanga hutafuta basi la kwenda Kasumbalesa.

Nilikata tiketi ya daraja la tatu, nikapata kiti cha dirishani. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimeambiwa kwamba gari hupita katika mbuga ya Selous (siku hizi upande ule ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere), na kwamba abiria huwaona wanyama bila kulipa kiingilio.

Mzee mmoja mwenye koti la kijivu alikaa kando yangu. Akaniomba tubadilishane viti. Nikamjibu, "Mzee wangu, niwie radhi, mimi mgeni nataka kuona nchi." Akanyamaza. Jioni niliwaona twiga watatu na kundi la nyumbu, nikajisifu moyoni kwamba sikukiachia kiti changu.

Usiku tulipita bonde la Kilombero, nchi ya miwa na mpunga. Tulipoondoka Mlimba niliamka, nikamkuta mzee amesimama kwenye ujia, ameshika nondo za dirisha jingine, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa akihesabu.

"Nahesabu mahandaki, kijana wangu. Usiku handaki hujulikana kwa mlio."

Hapo ndipo aliponieleza. Kati ya Mlimba na Makambako ni kilomita 158 hivi, nazo ndizo zilizowatoa watu jasho kuliko reli yote. Gari hutoka bondeni likapanda hadi zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kipande hicho peke yake kina mahandaki 18 na madaraja 46. Mzee alikuwa kibarua hapo mwaka 1972, akiwa na miaka 19. Mwaka huo Watanzania na Wazambia waliokuwa kazini walifika kama 38,000, na Wachina zaidi ya 13,000. Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba yake baharini pasipo kupitia Rhodesia ya walowezi, na nchi kubwa za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga. China ikatoa mkopo usio na riba.

Nikaona haya. Nikamwambia, "Baba, kaa dirishani." Akakaa.

Kulipopambazuka tulikuwa milimani. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa nchi ya migodi, nimezoea mlima unaochimbwa ukaisha. Hii milima ya Udzungwa sikuwahi kuota mfano wake. Upande mmoja ukuta wa mwamba umekaribia kukugusa bega. Upande wa pili hakuna kitu, bonde tu, na ukungu umelala chini kama pamba. Reli inazunguka hata unaliona behewa la mbele yenu likiingia gizani, nawe bado uko juani. Kisha giza lako linafika. Abiria walikimbilia upande wa bonde, mama mmoja akamwinua mtoto wake aone. Daraja la mto Mpanga lina nguzo za kufika mita 50; ukichungulia chini, tumbo linakwenda lake.

Mzee hakutazama bonde. Alitazama mwamba. Kila tulipoingia palipochongwa alinionyesha kidole: "Hapa sururu. Pale baruti. Haya mataruma ya zege tuliyabeba mabegani." Alisema Mchina aliyewasimamia alishika beleshi pamoja nao. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na wako waliozikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Nikamwuliza kuhusu vibarua wenzake. Akasema yeye alimzika mmoja, kijana wa kijijini kwao waliyeandikishwa naye siku moja. Jiwe lilichomoka juu ya mdomo wa handaki asubuhi, kabla hawajagawiwa kazi. Tangu kazi ilipokwisha hakuwahi kupita hapo mchana. Safari zake zote zilikuwa za usiku, naye alikuwa akitaka kuuona mdomo ule kwa macho.

"Tumeshaupita?" nikamwuliza.

"Bado."

Tulipita wafanyakazi wa njia, watu sita na kigari chao cha mkono, wamejibanza ukutani gari lipite. Mzee akatoa mkono nje akawapungia. Wawili wakaitika kwa kuinua nyundo.

Makambako baridi ilituingia mifupani. Akina mama waliuza viazi vya kuchemsha madirishani wakisalimu "Kamwene". Mzee akachukua fuko lake.

"Baba, umeuona?"

"Nimehesabu kumi na saba," akasema. "Moja limenipita. Labda wakati ule tulipokuwa tunaongea."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimbebea fuko lake hadi chini, kipenga kikapigwa, nikarudi ndani. Kiti cha dirishani kilikuwa wazi mpaka Mbeya.