Baba, tanakuzi ni nini?

JIONI moja binti yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia na daftari mkononi. "Baba, tanakuzi ni nini?" Nilikohoa, nikasingizia kazi. Kusema kweli, neno hilo nilikuwa nimelisahau tangu niondoke shuleni. Baadaye nilichungulia kamusi kwa siri.

Mpenzi msomaji, huenda nawe yamekufika. Tanakuzi ni neno lenye asili ya Kiarabu na kiini chake ni kukinzana. Katika fasihi, ni mbinu ya kuweka sambamba maneno au mawazo mawili yanayopingana ili tofauti yao ionekane wazi. Wazee wetu waliitumia sana katika methali. Tazama hii: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Furaha imewekwa kando ya kilio, na msikilizaji hahitaji kuelezwa taabu ya deni. "Mpanda ngazi hushuka" ni ya ukoo huo huo.

Wanafunzi wengi huichanganya na kinaya. Kinaya ni mambo kwenda kinyume cha matarajio, mathalani nyumba ya seremala kukosa mlango. Tanakuzi haingoji tukio lolote. Yatosha mambo mawili yaliyo kinyume yatajwe pamoja.

Nilipomweleza hayo, binti yangu alitaka mfano wa hapa nyumbani. Kabla sijafikiri, mdogo wake wa kiume akadakia: "Dada hupanda, mimi hushuka."

Nilishtuka. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia siku alipoleta ripoti ya muhula. Dadake aliinamisha kichwa, nami nikakosa la kusema. Mfano ulikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimewaweka sambamba watoto wa tumbo moja kama harusi na matanga.

Wazazi wenzangu, tuwasaidie watoto kuijua mbinu hii. Itawafaa katika insha na katika kuchambua mashairi. Lakini ripoti zinapofika nyumbani, tusome kila moja peke yake, mwenyewe akiwapo. Vidole vya mkono havilingani, na hakuna anayekikemea kidole kidogo kwa kuwa kifupi.

Usiku huo nilimwita kijana wangu, nikamwomba radhi.