Ubao wa Mgodini na Diski ya Kompyuta

Kaskazini mwa mji wa Kahama, huko Kakola, upo mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Dhahabu yake huchimbwa chini ya ardhi. Katika migodi mingi ya namna hiyo duniani, kila aingiaye hutundika kibao chake kwenye ubao ulio mlangoni, na atokapo hukiondoa. Kabla ya kulipua baruti, mlango hufungwa kwa wanaotaka kuingia, kisha walio ndani hungojwa watoke. Baruti hailipuliwi mpaka ubao uwe mtupu. Kanuni kama hiyo hutumika ndani ya kompyuta, katika kazi iitwayo kugandisha mfumo wa mafaili.

Mfumo wa mafaili ni utaratibu wa kupanga kumbukumbu katika diski. Faili moja likiongezwa maandishi, diski hupata mabadiliko kadhaa: nafasi iliyokuwa tupu huandikwa kuwa imetwaliwa, ukubwa wa faili hurekebishwa, na maandishi yenyewe huwekwa mahali pake. Tuseme karani wa chama cha wakulima anaingiza uzito wa pamba iliyopimwa, na umeme unakatika katikati ya mabadiliko hayo. Diski itabaki na habari zinazopingana.

Dawa ya tatizo hilo ni shajara. Mabadiliko huandikwa kwanza katika sehemu maalumu ya diski, hutiwa alama ya kukamilika, ndipo yahamishiwe mahali pake. Umeme ukirudi, yenye alama hutekelezwa upya, na yasiyo na alama hutupwa. Katika Linux, mfumo wa ext3 wenye shajara uliingizwa katika kiini cha programu ya uendeshaji mwaka 2001. Hata hivyo, kwa kawaida shajara hulinda mpangilio wa diski tu. Haihakikishi kwamba kila neno alilopiga karani limehifadhiwa.

Shida nyingine huzuka wakati wa kunakili diski nzima kwa ajili ya akiba. Ikiwa watu wanaendelea kuandika, nakala itakuwa na nusu ya jambo la kale na nusu ya jambo jipya. Kwa hiyo uandishi husimamishwa kwa muda, na huko ndiko kugandisha.

Zamani kiini cha Linux kilitazama tu kama mfumo umegandishwa, kisha kikamruhusu mwandishi kuingia. Kati ya kutazama na kuingia, ugandishaji uliweza kumpita bila kumwona. Toleo la 3.6, lililotolewa mwaka 2012, lilileta hesabu: kila mwandishi huhesabiwa aingiapo na hupunguzwa atokapo, mfano wa vibao ubaoni.

Milango yenyewe hufungwa kwa zamu. Kwanza huzuiwa uandishi mpya wa programu za kawaida. Kisha yaliyobaki katika kumbukumbu ya muda humwagwa diskini. Kazi za ndani za shajara hufungwa mwisho, kwa sababu umwagaji huo wenyewe huzihitaji. Milango yote ingefungwa pamoja, umwagaji ungengoja mlango ambao haufunguki mpaka umwagaji uishe. Huo ndio mkwamo.

Kufuli la faili nalo lina taratibu yake. Mwandishi hupata kwanza ruhusa ya kuingia katika mfumo, ndipo ashike kufuli. Akishika kufuli kwanza kisha akazuiwa mlangoni, na mwenye kuyeyusha mfumo akalihitaji kufuli hilo hilo, wote wawili watangojana bila kikomo.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa daftari moja na kalamu moja. Mwanafunzi wa kwanza ashike daftari akingoja kalamu, wa pili ashike kalamu akingoja daftari, wala asiwepo wa kuachia. Kisha darasa likubaliane kwamba daima daftari hutwaliwa kabla ya kalamu. Zoezi likirudiwa, atakayekosa daftari atangoja mikono mitupu, na mwenzake atamaliza kuandika.