Mpingo unaungua shambani, bei iko sokoni

WAKULIMA wa Nachingwea na Ruangwa wanapofyeka mapori kwa ajili ya ufuta na korosho, wengi huchoma bila kujali mti wenye mbao za thamani kubwa: mpingo.

Mpingo huonekana kama kichaka tu, wenye miiba na mara nyingi shina zaidi ya moja. Hukua polepole mno. Kufikia unene wa kuvunwa huweza kuchukua miaka 70 hadi 100. Kanuni za misitu zinataka shina lifikie kipenyo cha sentimita 24.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka mpingo katika kundi la mimea inayokaribia kuwa hatarini. Tangu Januari 2017, biashara yake nje ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Wanaouhitaji ni wachongaji wa vinyago vya Kimakonde na viwanda vya nje vinavyotengeneza klarineti na zumari.

Moto ndio adui

Mche ukiungua shina hufa, mizizi huchipua, na mwaka unaofuata huungua tena. Hivyo haukui. Mti mkubwa nao hupata kidonda, ukaoza moyo, na gogo likakosa mnunuzi. Dawa yake ni kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto uwe mdogo, badala ya kusubiri mwisho wa kiangazi.

Nachingwea inajua hasara ya kufyeka ovyo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uling'oa mapori kwa matrekta, na mwaka 1951 ukavunjwa bila mavuno yaliyotarajiwa.

Kijiji kinanufaikaje?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuandaa mpango wa uvunaji na kuuza miti kwa faida ya wanakijiji. Wilayani Kilwa, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa msaada wa shirika la MCDI. Kuanzia mwaka 2018, programu ya FORVAC, iliyofadhiliwa na Finland, ilifanya kazi hiyo pia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kijiji ambacho hakijatenga msitu hubaki kutazama mashamba yakiumeza kidogo kidogo.

Kwa mfanyabiashara, gogo lisilogongwa nyundo wala kuwa na hati ya kusafirishia ni hasara inayosubiri kizuizi cha barabarani.

Kwa mkulima, mpingo ni wa jamii ya mikunde na mizizi yake husaidia kurutubisha udongo. Kabla ya kuukata, pitia ofisi ya kijiji na ya misitu wilayani. Ufuta huvunwa ndani ya msimu mmoja. Mpingo ukiungua leo, hata mjukuu hatauona ukifika sokoni.