Filta ya Oili ya Bei Nafuu: Itazame Kabla ya Kulipa



Vikundi kadhaa hapa kambini vina gari moja la zamani la pamoja. Mchana hubeba mahindi, usiku hubeba mgonjwa. Injini ikinoki, kikundi kinabaki na deni na mgonjwa anabaki nyumbani.

Mwaka jana kikundi chetu kilinituma kununua filta ya oili. Nilichukua ya bei ya chini bila kuitazama. Siku ya tatu ilifyatuka njiani, oili yote ikamwagika. Mama mjamzito tuliyekuwa tunampeleka kujifungua alimalizia safari juu ya baiskeli. Tunashukuru alijifungua salama. Lakini kosa halikuwa bei: nyuzi za filta ile hazikuwa za gari letu.

Filta inafanya kazi gani? Oili huzunguka ndani ya injini ikilainisha vyuma. Njiani huokota masizi, vumbi na unga wa chuma. Karatasi iliyokunjwa ndani ya filta hunasa uchafu huo usikwaruze beringi.

Ukifika dukani fanya hivi:

1. Nenda na filta ya zamani, au namba yake. Linganisha upana wa mpira na nyuzi za tundu la katikati. Toyota nyingi ndogo hutumia nyuzi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19. Honda nyingi hutumia milimita 20. Kwa macho zinafanana. Filta isiyo yake inaweza kushika kidogo, kisha ikafyatuka.

2. Gusa mpira wa mdomoni. Uwe laini, usiwe na ufa.

3. Chungulia matundu madogo. Kwa filta nyingi utaona mpira mwingine ndani. Huo huzuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi injini isiwake ikiwa kavu. Ukiwa umekatika au umekauka, iache.

4. Tafuta dalili za filta iliyotumika: oili ndani, mikwaruzo chini ya rangi mpya, alama za kufunguliwa. Usikubali filta iliyooshwa kwa petroli. Karatasi yake haisafishiki.

Ikipita hapo, usione haya kununua ya bei nafuu. Ni bora filta nafuu inayobadilishwa kila unapobadilisha oili kuliko ya ghali inayoachwa mwaka mzima. Kwa barabara zetu za vumbi, usingoje zaidi ya kilomita 5,000.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini. Paka mpira mpya oili kidogo. Zungusha kwa mkono. Ikikataa mapema au ikicheza-cheza, itoe. Mpira ukigusa injini, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Weka oili, kisha washa gari. Taa nyekundu ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja. Ikizimika, tazama chini kama kuna tone.

Oili chafu usiimwage karibu na bomba la maji wala shambani. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto.

Ndugu, dakika tano za kutazama dukani ni kidogo. Usiku mgonjwa akiitisha gari, utazikumbuka.

Mhudumu wa jamii