Kahawa ya nyumbani: Angalia ilivyokaangwa na ilivyosagwa

Msomaji, mibuni imekuwa ikikuzwa katika mashamba ya Meru tangu miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kuipanda kwa majaribio. Hata hivyo, ukibisha hodi asubuhi katika nyumba nyingi za Kaaga, utakaribishwa kwa chai ya maziwa. Kahawa yenyewe huenda kiwandani, kisha ng'ambo, na mkulima aliyeichuma huenda asijue inaonja vipi.

Siku hizi mambo yanabadilika pole pole. Kuna wanaonunua pakiti dukani, na kuna wanaokaanga punje zao wenyewe kwenye sufuria. Hilo ni jema. Shida ni kwamba wengi huuliza habari za ladha tu, ilhali namna kahawa ilivyokaangwa, kusagwa na kuchujwa hugusa moyo, tumbo na hata damu ya mnywaji.

Tuanze na moyo. Tuseme umepimwa damu na daktari akakuambia kwamba kolesteroli yako imepanda. Umepunguza nyama ya mafuta, umeacha chipsi, lakini kila asubuhi unachemsha unga wa kahawa katika sufuria na kuupitisha kwenye kile kichujio cha chai cha waya. Basi hapo kuna mlango ambao hujaufunga.

Punje ya kahawa ina mafuta yake ya asili, na ndani ya mafuta hayo mna kemikali mbili, kafestoli na kahweoli, ambazo hupandisha kolesteroli mbaya. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka wa 1983, watafiti wa mji wa Tromsø nchini Norway walipoona kwamba watu waliokunywa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi. Watu wa huko walizoea kahawa ya kuchemshwa, kama wewe na mimi. Baadaye ikagunduliwa kwamba kahawa ileile ikipitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, mafuta hayo hunaswa na karatasi na madhara hayo hupungua mno. Mnamo 2020 Wanorwe walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa muda wa miaka 20 hivi: waliokunywa kahawa iliyochujwa walikuwa na vifo vichache kuliko waliokunywa isiyochujwa.

Huna karatasi? Kitambaa kizito cha pamba, kilichofuliwa vyema kwa maji matupu bila sabuni, nacho hunasa sehemu kubwa ya mafuta hayo. Mimi mwenyewe nilitumia waya kwa miaka mingi nikidhani kwamba machicha yakibaki juu basi kahawa imechujwa. Sivyo. Waya huzuia machicha tu, mafuta hupita. Hata ile birika ya kioo yenye kibonyezo cha waya haina tofauti kubwa katika jambo hili.

Sasa, usagaji hufuata uchujaji. Ukitumia karatasi au kitambaa, kahawa isagwe kiasi, iwe na chembe kama za sukari ya dukani. Ikiwa laini kama unga wa ngano, maji yatakwama, kahawa itakaa mno majini na kutoa uchungu. Ikiwa ya chenga kubwa kama mahindi yaliyoparazwa, maji yatapita mbio na utakunywa maji ya rangi. Chenga hizo zinafaa birika ya kibonyezo, ambamo kahawa huloweka kwa dakika nne hivi. Unga laini kabisa ni wa kahawa chungu ya Waswahili wa pwani, inayochemshwa ndani ya dele pamoja na tangawizi na kunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Kwa udogo wa vikombe hivyo mtu anaweza kujistahi. Tatizo ni sisi wa bara tunaoichemsha vivyo hivyo halafu tukajaza kikombe cha chai.

Kama huna mashine ya kusagia, kinu na mchi vinatosha. Twanga kidogo kidogo, na usitwangie humo kitunguu saumu. Kwa kikombe cha kawaida, vijiko viwili vya mezani vinatosha.

Maji nayo yasikusumbue. Wataalamu wa kahawa husema maji yawe kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Mji wa Meru uko yapata mita 1,500 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hivyo yakichemka, yaondoe mekoni na umimine.

Je, ukaangaji? Watu wengi huamini kwamba kahawa nyeusi tititi ndiyo kali. Uchungu wake ndio mkali. Kafeini, ile kemikali inayokesheza mtu, haibadiliki sana kwa kukaangwa. Kinachobadilika ni mengine. Kahawa iliyokaangwa kidogo hubakisha zaidi zile asidi za asili zinazosifiwa kwa kulinda mwili, pamoja na ule uchachu kama wa matunda ambao umeipa kahawa ya Kenya jina duniani. Ikikaangwa sana, asidi hizo huteketea. Mtu mwenye kiungulia anaweza kuona kwamba kahawa iliyokolea inamtuliza kuliko ile hafifu. Ajaribu zote mbili na kusikiliza tumbo lake. Kwa wengine wetu, rangi ya kahawia ya wastani, kabla punje hazijaanza kung'aa mafuta, ndiyo bora.

Ukikaanga mwenyewe, tumia sufuria nzito na ukoroge bila kupumzika kwa dakika 10 hadi 15. Punje zitageuka kutoka kijani hadi manjano, kisha kahawia, halafu zitapasuka kwa mlio kama bisi. Mlio huo ukipungua, epua upesi na uzipepete kwenye ungo ili zipoe na makapi yaruke. Fanya kazi hii nje, maana moshi wake ni mwingi na jiko la makaa ndani ya nyumba limeua watu. Acha punje zitoe hewa kwa siku moja kabla ya kusaga.

Hapa nataka kutoa onyo. Usikaange mbuni zilizolala kwenye gunia lenye unyevu, zikawa na ukungu au harufu ya udongo. Ukungu huo unaweza kuacha sumu inayodhuru figo, na moto wa sufuria hauimalizi yote. Ukizitilia shaka, zitupe. Na dukani usidanganyike na herufi. AA ni ukubwa wa punje tu, na PB ni punje moja ya mviringo iliyoota mahali pa mbili. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Kahawa ya kuyeyuka nayo aghalabu huchanganywa na Robusta, ambayo kafeini yake ni karibu maradufu ya Arabika yetu.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa vikombe vitatu au vinne kwa siku. Mama mjamzito asizidi viwili vidogo, akikumbuka kwamba chai pia ina kafeini. Tembe za madini ya chuma alizopewa kliniki azimeze kwa maji, wala si kwa kahawa wala chai, kwa sababu vinywaji hivyo huzuia madini hayo kuingia mwilini. Asubiri angalau saa nzima baada ya chakula au dawa ndipo anywe.

Tena usinywe ikiwa moto wa kuunguza. Mwaka wa 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiondolea kahawa lawama iliyobebeshwa mwaka wa 1991, lakini likasema kwamba kinywaji chochote cha zaidi ya nyuzi 65 huenda kikasababisha saratani ya umio. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na wapenzi wa chai ya moto wanahusika vilevile. Mimina, weka kikombe mezani, fungua ukurasa mwingine wa gazeti, ndipo unywe.

Punje zilizobaki zitie katika chombo chenye kifuniko kinachobana, mbali na jua na jiko, na usage za siku hiyo tu.