Jua Lililofichwa Ukutani

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani, tena si zamani sana, kule Rusayl, magharibi ya Maskati, watu walijenga nyumba za matofali ya saruji. Ilikuwa miaka ya 1980. Mji wa viwanda ndiyo kwanza unachipua, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafunguliwa jirani mwaka 1986, na makao yalitakiwa upesi. Ukuta ukawa safu moja ya tofali, lipu ndani, lipu nje, rangi, basi.

Sasa sikilizeni habari ya jua la huko, wajukuu zangu. Tropiki ya Kansa inapita karibu na Rusayl. Mwezi wa Juni, adhuhuri, jua hukaa utosini; tafuta kivuli chako, utakikuta chini ya nyayo. Saa hiyo kuta hazipigwi sana, linalopigwa ni paa bapa la zege. Kuta zina zamu zao: wa mashariki asubuhi, wa magharibi alasiri. Huu wa magharibi ndio mkorofi, maana jua linaukuta wakati hewa yenyewe imeshapita nyuzi 40.

Saruji hailizuii joto, inalichelewesha tu. Jua la saa kumi alasiri linazama ndani ya tofali, linatambaa polepole, linatokeza chumbani usiku, watu wameshaswali Isha na kutandika. Ukuta ni kama chungu kizito kilichoepuliwa: moto umezimwa, chenyewe bado kinachemka. Kiyoyozi kinanguruma kupigana na jua lililokwisha kuchwa! Leo usiku wekeni kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kisha kwenye wa kaskazini. Mtajua wenyewe.

Dawa yake ni kuuvisha ukuta kihami joto kwa nje. Mafundi hubandika mbao za polistairini, ile nyeupe nyepesi inayokuja na friji mpya, wakazikaza kwa misumari ya plastiki. Hutandaza wavu wa nyuzi za kioo, hupiga lipu nyembamba, kisha rangi nyeupe ya kulirudisha jua lilikotoka. Sentimita 5 tu za polistairini huzuia joto zaidi kuliko zege la unene wa mita nzima. Kazi hiyo inafanywa na hewa, iliyofungiwa katika vitundu vidogo visivyohesabika, haina pa kwenda.

Mtaniuliza, kwa nini nje, ilhali ndani ndiko rahisi? Swali hilo nalipenda. Kihami kikiwa ndani, ukuta unabaki juani. Mchana unatanuka, usiku unasinyaa, mwaka baada ya mwaka mpaka unapata nyufa. Kikiwa nje, ukuta unakaa kivulini siku zote, na uzito wake wote unakuwa upande wenu: unapoa pamoja na chumba na kubaki umepoa. Hata umeme ukikatika, joto linachelewa kurudi.

Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na paa, kwa mbao ngumu za kihami zisizonywa maji na vigae juu yake. Ukuta wa magharibi ufuate, halafu wa mashariki. Wa kaskazini unaweza kungoja. Na pembe za madirisha zizibwe vizuri, maana hewa ya Maskati wakati wa joto imejaa unyevu wa bahari. Ikipenya ufa na kukutana na ukuta baridi, inageuka maji, na kuvu inaota.

Jambo moja hili nalisema kwa uchungu. Polistairini huungua. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower jijini London liliwaka, moto ukapanda ghorofa kwa ghorofa kupitia vazi lake la nje, ingawa lilikuwa la plastiki nyingine, watu 72 wakafa. Iko pamba ya mwamba, inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, isiyoshika moto. Bei yake ni kubwa zaidi. Kuzunguka madirisha na milango, na kwenye jengo lolote refu, mwambieni fundi atumie hiyo.